Siku Nne na Kiti cha Mwalimu Paluku

Ndugu wa atelye yangu ya useremala, na ninyi wa shirika mnaonisimamisha kila kona kuniuliza ilikuwaje: nimechoka kurudia, nimeandika. Someni, halafu mniache nipige randa kwa amani. Swali lenu nalijua. Mtu anatoka Butembo Ijumaa, anafika Mbau Jumatatu, alikuwa anafanya nini njiani? Pikipiki inakwenda na kurudi siku moja. Bon. Pikipiki haibebi kiti kama kile.

Nitaandika kwa Kiswahili cha kanisani, kile tulichofundishwa. Lakini watu wa njiani nitawaacha waseme kama walivyosema.

Kabla ya kuondoka

Mwalimu Paluku, katekista, aliongoza shirika letu la Mtakatifu Yosefu, jumuiya ya Wakristo wa mtaa wetu, miaka mingi, mpaka alipohamia kwenye shamba lake la kakao huko Mbau. Mwaka huu Wakristo wa kule walimchagua kuwa mkubwa wa kapela yao, kanisa lao dogo, na sherehe ilipangwa Jumapili, misa ya saa mbili. Sisi tulisema tumpelekee kiti. Na kwa kuwa mimi Kakule ni fundi mbao, na mimi ndiye prezidenti niliyekuja nyuma yake, kazi ikawa yangu.

Nilitumia mbao ya libuyu, ile nyekundu, kavu kabisa. Mgongo mrefu wenye msalaba, mikono iliyopinda, msumari hata mmoja hakuna. Wiki tatu. Sikuruhusu mtu akikalie, na mimi mwenyewe sikukikalia. Nilikifunga ndani ya blanketi mbili.

Kilichonipeleka si kiti peke yake. Mnalijua jambo lenyewe, lakini nitaliandika kwa wale wasiolijua. Mimi ni mtu wa saa. Nilipopewa uprezidenti niliweka sheria: mkutano wa Alhamisi ni saa kumi na moja jioni, na anayeingia baada ya wimbo wa kwanza anasimama kwenye ukuta mpaka mwisho. Watu walizoea. Mama Masika hakuzoea. Anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni; akitoka sokoni anapita nyumbani kumlisha mama yake asiyeona, ndipo anakuja. Kila Alhamisi, ukutani. Siku moja nilimwambia mbele ya wote: "Mama Masika, Yesu hawangojei watu wa soko." Alichukua kikapu chake, akatoka. Alhamisi iliyofuata familia tatu zilimfuata, tukabaki wachache tunaimba kama kwenye kilio.

Padri aliniita. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba kama hatujapatana kufikia sikukuu ya msimamizi wetu, atalivunja shirika na kutugawa kwa mashirika ya jirani. Shirika la Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa maseremala, livunjikie mikononi mwa seremala. Usingizi ulinipotea.

Kwa hiyo nilikuwa na mpango. Mama Masika anamheshimu Mwalimu Paluku kama baba. Nitapeleka kiti, Mwalimu atafurahi, nitamwomba aandike barua ya kumwambia Masika arudi na aheshimu saa. Nilibeba hata karatasi na kalamu mfukoni, ili asiseme hana.

Butembo: saa kumi na mbili ya Hadji Saidi

Hadji Saidi ni Mwislamu wa Beni, ana kamyo, lori la mizigo, anapandisha viazi na maharagi kutoka Lubero mpaka Oicha. Mbau iko kwenye njia yake. Aliniambia tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa pale na kiti changu. Juu ya kioo cha kamyo mtu alikuwa amechora kwa rangi ya njano: KAWIA UFIKE. Ningekuwa na akili ningerudi nyumbani.

Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita. Abiria wote tulishapanda juu ya magunia. Saidi alikuwa amekaa kwenye jiwe anakunywa chai.

"Hadji, tunangoja nini?"

"Kuko mukaka moja anatoka Lubero. Alinipigia simu, alisema anakuja."

Mukaka kwetu ni bibi, mama mzee. Nilimwuliza kama ni sawa watu kumi na wawili wangoje bibi mmoja.

"Ni sawa," alisema. "Mutu akisema anakuja, eko mu njia. Kama ni weye ndiye uko mu njia, ungetaka tufanye namna gani?"

Nilisema mimi siwezi kuwa mtu wa namna hiyo kwa sababu mimi nafika mapema. Abiria walicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Alifika saa tano. Kibibi kidogo, kitambaa kichwani, gunia la viazi, na kuku mmoja chini ya kwapa. Alikuwa anakwenda Beni kwa mjukuu wake aliyekaribia kuzaa. Hakuomba msamaha, alisalimia kila mtu kwa mkono, mmoja mmoja, na hiyo pia ilichukua muda. Saidi alimwinua kama anavyoinua mama yake na kumkalisha mbele, pale alipokuwa ameniahidi mimi. Mimi nilipanda nyuma, nikakumbatia kiti.

Kilima cha Kabasha

Mpaka Maboya tulikwenda vizuri, nikaanza kuhesabu kwamba tutafika Beni mchana na jioni nitalala Mbau. Mvua ikanisikia. Pale kwenye kilima cha Kabasha kamyo moja ilikuwa imelala kwenye tope mpaka tumboni, na nyuma yake nyingine saba zimejipanga. Sisi tukawa wa nane.

Mvua ilipokatika wote tulishuka. Wanaume walikwenda kuchimba na kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Mimi nilibaki nikilinda kiti. Nilikuwa nimekishusha ili magunia yenye maji yasikikandamize, kikasimama kando ya barabara ndani ya blanketi zake.

Mukaka alikuja polepole, anashika kiuno.

"Mutoto wangu, naweza kukaa kidogo pa ile kiti?"

"Mukaka, hii kiti ni ya kanisa."

"Mi pia niko wa kanisa. Walinibatiza baba yako hajazaliwa."

Nilimweleza kwamba kinapelekwa kwa mkubwa wa kapela, kwamba hakijakaliwa, kwamba mkubwa huyo ndiye anapaswa kukikalia wa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema "haina mambo", yaani si kitu, na kwenda kukaa juu ya bidoo, dumu tupu la mafuta. Bidoo lilikuwa na matope chini. Likateleza, naye akateleza nalo, akakaa chini kabisa na kuku wake mikononi. Hakuumia. Lakini watu wote waliacha kuchimba wakaniangalia.

Hadji Saidi alikuwa na matope mpaka magotini. Hakupaza sauti.

"Fundi, ulitengeneza kiti ama ulitengeneza sanduku ya maiti? Maana naona blanketi tu. Kiti yenye haikaliwe ni mbao."

Niliona haya, nasema kweli. Nilifungua kamba, nikatoa blanketi, nikamwinua mukaka nikamkalisha. Miguu yake haikufika chini. Kile kiti chekundu, mgongo mrefu wenye msalaba, na kibibi katikati yake na kuku. Alipapasa mikono ya kiti.

"Iko muzuri," alisema. "Wasingya, mutoto wangu." Ni asante ya Kinande, na mimi aibu ilizidi.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Watu wa kijiji cha karibu walikuwa wanapita wakiuza mahindi ya kuchoma na avoka. Walipoona mama mzee kwenye kiti cha namna ile kando ya barabara, na wanaume wote kwenye matope mbele yake, walidhani ni mama wa mwami fulani, chifu wa huko. Mmoja alipiga goti. Mwingine alileta avoka sita kwenye sahani, bure. Mzee mmoja alivua kofia akamwuliza kama njia itafunguka leo. Mukaka akamjibu bila wasiwasi, "Itafunguka, batoto beko nachimba." Mzee yule akaenda kuwaambia wengine: amesema itafunguka.

Avoka zile alizigawa zote. Mimi alinipa kubwa kuliko wengine, na sikuelewa kwa nini. Niliila kwa chumvi ya Saidi, nikavua viatu, nikaenda kuchimba. Kamyo ilitoka saa tisa. Niliporudi kuchukua kiti, kuku alikuwa amesimama kwenye mkono wa kulia. Alikuwa ameacha zawadi yake juu ya verni, vanishi yangu inayong'aa, na kucha zake zimechora mistari mitatu. Nilifuta zawadi. Mistari haikufutika.

Beni: siku mbili mbele ya bariyeri

Tulifika Beni jua linazama. Mukaka alishuka kwa mjukuu wake, na kabla ya kuondoka alichagua viazi kumi kwenye gunia lake, akanipa kwa ajili ya "ule mukubwa wako wa kapela". Nilibaki nikisema bado tuna Jumamosi nzima, hakuna taabu.

Jumamosi asubuhi tulikwenda mpaka kwenye bariyeri, kizuizi cha askari cha kutokea mjini. Njia ya Mbau ilikuwa imefungwa. Ninyi mnajua kwetu njia inafungwa na inafunguliwa, na mwenye kuuliza kwa nini haongezi siku zake. Askari mmoja, kijana mrefu, alizunguka kamyo, akakiona kiti juu ya viazi.

"Kiti oyo ya nani?"

Kilingala kile hata mtoto anakielewa. Nikajibu ni cha katekista wa Mbau.

"Na eko wapi?"

"Eko Mbau, anangoja."

"Bon, angoje. Njia bado."

Tulingoja mpaka jioni. Tukarudi kulala kwa Hadji Saidi. Nyumba yake imejaa watoto na mazulia. Wakati wa kula alileta mwenyewe birika na beseni, akaanza kumwagia maji mikononi abiria wote waliokosa pa kulala, mmoja mmoja, ndipo akakaa. Kulikuwa na wali, mbuzi, na pilipili iliyonitoa machozi. Nilimwambia kwetu kazi ya birika ni ya watoto. Alisema na kwake pia ni ya watoto, lakini leo watoto wametangulia kula.

Jumapili tulirudi bariyeri alfajiri. Nilijua bado naweza kufika. Saa moja, njia bado. Saa mbili, njia bado. Saa mbili ile ndiyo misa ya Mwalimu Paluku ilianza, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Beni nikiangalia saa yangu kama mtu anayeangalia nyumba yake inaungua. Nilipata rezo kidogo, mtandao wa simu, nikaandika ujumbe. Vidole vilikataa. Neno lile sijawahi kuliandika tangu nizaliwe. *Mwalimu, nitachelewa.*

Jibu lilikuja baada ya saa nzima, labda baada ya misa. *Haina mambo. Uko mu njia.*

Nilimwonyesha Saidi. Alisoma, akanirudishia simu, akasema Mwalimu wangu anafaa kuwa chofere, dereva kama yeye.

Jua lilikuwa kali. Saidi alikishusha kiti, akakiweka kwenye kivuli cha kamyo. "Kaa," alisema. Nikasema hapana. "Fundi, kuku amekaa. Weye unaogopa nini?"

Nikakaa. Miaka ishirini natengeneza viti vya watu, sijui mara ngapi nilikaa kwenye kimoja zaidi ya dakika mbili za kujaribu. Nilikaa mpaka mchana. Ni kiti kizuri, nasema mwenyewe. Kinashika mgongo. Miguu yangu iliyokuwa inauma tangu Ijumaa ikanyamaza, na baada ya miguu, kichwa. Na hapo kwenye utulivu ndipo Mama Masika aliponijia. Nilimwona anatoka sokoni, amesimama tangu asubuhi mbele ya meza ya sombe, anakwenda kusimama jikoni, halafu anakuja kwangu, nami namsimamisha tena. Nilijaribu kumfukuza kichwani. Nilijiambia sheria ni sheria. Yule askari alikuwa pale pale, amesimama tangu alfajiri na bunduki yake. Nikainuka, nikamwambia, "Shefu, ukae kidogo." Alicheka, akatazama huku na huku, akakaa dakika tano, bunduki mapajani. Alisema kiti ni kizuri lakini njia bado.

Mbau

Ilifunguka Jumatatu asubuhi. Tulipita Mavivi, tukaingia kwenye harufu ya kakao. Kila mbele ya nyumba imetandazwa kwenye maturubai, watu wanaigeuza kwa miguu. Nilikuwa na mpango mpya: nitafika, nitaomba radhi, nitasimama kando, nitatoa kiti, nitaomba barua, nitapanda gari la kwanza. Mtu aliyechelewa siku nzima hana haki ya kukaa. Hiyo ni sheria yangu mwenyewe.

Kapela yao ni ya mbao, bati juu, mlango mmoja. Kamyo iliposimama, mama mmoja aliyekuwa anageuza kakao aliita, "Butembo imefika." Nikaona watu wanatoka kwenye mashamba na viatu vya mvua, wanawake wananawa haraka, mzee anafunga vifungo vya shati. Jumatatu, siku ya kazi. Walipanga mistari miwili mlangoni wakaanza kuimba. Mimi niliangalia ukuta. Nilitafuta mahali pazuri pa kusimama.

Mwalimu Paluku alitoka katikati yao. Mnamkumbuka, mfupi, masikio makubwa. Mikono yake ilikuwa inanata maji ya kakao, hakuweza kunishika, akanikumbatia kwa viwiko.

"Mutoto wangu, umechoka," alisema. "Kuya ndani."

Alibeba kiti upande mmoja, Saidi upande mwingine, wakaingia nacho mpaka katikati ya kapela. Akanisukuma nikae. Nilikataa, akanisukuma tena, na yule mzee ana nguvu. Nikakaa kwenye kiti chake, mbele ya watu wake, na matope ya Kabasha bado kwenye suruali. Halafu akaleta jagi na beseni. Alipiga goti moja ili beseni likae chini ya mikono yangu.

"Mwalimu, siyo weye."

"Osha mikono, bugali inapoa."

Wakaleta bugali, sombe, na samaki wa ziwa Edward, mkubwa, kichwa kizima. Nilimwuliza mama aliyeleta kama samaki ni wa leo. Alisema ni wa jana, wa sherehe. Walipogawa chakula waliweka sehemu ya Butembo kwanza, na hakuna aliyeigusa. Wamekipasha moto mara tatu. Nikauliza jana Mwalimu alikaa wapi. Walimpa kiti cha plastiki, alisema hapana, kiti chake kiko njiani. Aliacha mahali pale mbele wazi, akakaa kwenye benchi na wengine mpaka misa ikaisha.

Nilikula. Pilipili haikuwemo kwenye sombe ile, lakini machozi yalinitoka, na Saidi aliyekuwa anakula pembeni yangu alijifanya anaangalia bati.

Baadaye tulitoa kiti kwa heshima. Nilisema maneno, waliimba, Mwalimu alikaa mara moja ili watu waone na wapige picha. Alipitisha kidole kwenye ile mistari mitatu. "Hii nini?" Nikasema kuku. Alitaka kujua habari yote ya kuku, nikasimulia mpaka viazi, kapela nzima ilicheka, na viazi vikapelekwa jikoni. Nilianza kujisikia mtu tena. Ndipo alipoinuka, akakibeba kiti peke yake mpaka nyuma kabisa, akakiweka kando ya mlango, nyuma ya benchi la mwisho.

Nilidhani anakiondoa ili watu wapite. Kikabaki pale. Nikamfuata.

"Mwalimu, pale ni mlangoni. Mimi nilikitengeneza cha mbele."

"Najua. Iko muzuri sana. Ndiyo maana." Alishusha sauti. "Wa mbele balishakaa. Mwenye anaingia wa mwisho ndiye amechoka, na tena haya iko naye. Huyo ndiye anahitaji kiti ya muzuri."

"Lakini watu watazoea kuchelewa ili wakikalie."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Bachelewe," alisema, "mais bakuye." Yaani wachelewe, lakini waje.

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nikaitoa kwa sababu nilikuwa nimeamua tangu Butembo, na mimi nikishaamua ni vigumu. Nilimweleza yote: saa, ukuta, Masika, padri, sikukuu. Nilimwomba barua. Niliitaja sheria yangu kwa sauti, na hapo mlangoni, kando ya kile kiti, ilisikika kama ya mtu mwingine.

Mwalimu Paluku aliichukua kalamu, akaizungusha vidoleni, akanirudishia.

"Kakule, kinywa yenye ilimufukuza Masika ni ya Butembo. Barua ya Mbau itafanya nini?"

Niliitia kalamu mfukoni.

"Na mukutano yenu ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Ah." Alinitazama kwa yale macho yake ya katekisimu. "Bale bafanyakazi ba shamba la mizabibu, benye baliingia saa kumi na moja. Bwana wa shamba alibasimamisha ku ukuta?"

Mdomo huponza kichwa, wazee walisema. Wangu uliponza shirika zima. Niliirudisha karatasi mfukoni ikiwa nyeupe, na usiku ule nililala kama mtoto.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia, njia zilikuwa kavu na Saidi alikuwa na haraka. Beni alinipa habari moja tu: mjukuu wa mukaka alizaa Jumamosi, msichana, siku moja baada ya bibi kufika. "Hata mutoto alimungoja," alisema, akanitazama kwa jicho moja.

Butembo nilitumia mabaki ya libuyu. Kiti cha kawaida, mgongo mfupi, bila msalaba. Siku tatu. Nilikipeleka kwenye chumba cha shirika nikakiweka kando ya mlango. Halafu nikafanya lililonitisha kuliko Kabasha: nilikwenda sokoni.

Mama Masika alikuwa na wateja wanne. Nilianza kusema. "Ngoja, prezidenti," alisema bila kuinua macho, "kuko batu mbele yako." Nikasimama nyuma yao. Alifunga sombe ya wa kwanza, ya wa pili, ya wa tatu, akazungumza na wa nne habari za jino la mtoto. Nilingoja. Zamu yangu ilipofika nilisema nilikosa, kwamba nilimwaibisha mbele ya watu, na kwamba Yesu sikumwuliza kabla ya kusema kwa jina lake. Wateja wengine walikuwa wameshajipanga nyuma yangu, walisikia yote. Sawa. Nilimkosea mbele ya watu.

"Nimesikia," alisema Mama Masika. "Unanunua sombe ama hununui?"

Nilinunua.

Alhamisi saa kumi na moja tulianza. Mabenchi yalijaa, kwa sababu Butembo hakuna siri na kila mmoja alikuja kuona. Wimbo wa kwanza, kiti cha mlangoni kitupu. Sala, kitupu. Somo, kitupu. Nilikuwa nasoma nikiruka mistari. Tulipofika kwenye maombi mlango ulifunguka.

Mama Masika aliingia na kikapu chake, na kwa mkono mwingine alikuwa anamwongoza mama yake. Sijawahi kumwona yule mama kwenye shirika. Masika aliona kiti, akasimama, akakitazama kwa muda. Akamkalisha mama yake. Kisha akageuka, na kwa mazoea niliyomtia mimi, akaenda kwenye ukuta.

Niliinuka. Nilimshika mkono nikamleta kwenye kiti changu cha prezidenti, nikamwomba akae, akakaa. Mahali pengine hapakuwepo. Nikaenda ukutani, pale pale pake, nikaegemea. Mlangoni nilisikia viatu vingine, nikawatambua mmoja mmoja bila kugeuka, familia zote tatu.

Mama yake Masika alikuwa anapapasa mkono wa kiti, polepole, kama anasoma.

"Masika, nani alitengeneza hii kiti?"

"Ni prezidenti, mama."

"Eko wapi, nimupe mukono?"

"Eko amesimama ku ukuta."

Mama yule aligeuza uso wake upande wangu. "Pole," alisema. "Alichelewa?"

Hakuna aliyecheka. Wote waliniangalia, na Masika pia.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Nilichelewa."